Shimo Halilali Wazi

Simu ya mhandisi mkuu Kourouma ilimkuta Diaraye Bah amesimama juu ya lile jiwe moja tu linalopata mtandao, ukingoni mwa bowali, upepo ukimpiga mtandio usoni. Bowali si mahali pa kupigia soga. Ni uwanda wa jiwe jekundu juu kabisa ya kilima, mgumu, mkavu, hauoti mti wala mchicha, na ng'ombe wenyewe hupita hapo kwa haraka. Lakini ndani ya jiwe hilo mna boksiti, na Diaraye alitumwa ajue ni nyingi kiasi gani, nzuri kiasi gani, na kama inafaa mtu kujenga reli kuifuata huko.

"Magharibi hakufai," alisema Kourouma. Hakusalimu. Kwetu sisi watu wa milima ya Futa, kumpigia mtu simu bila kumuulizia alivyoamka ni sawa na kummwagia maji. "Majibu ya maabara yamekuja. Silika imezidi."

"Imezidi sana, bosi?"

"Sana ya kunitoa hamu ya kula. Basi tunaachana na magharibi. Hamishia mstari wa mgodi mashariki, huko ni safi. Ramani naitaka Ijumaa, wenye fedha wanakutana Jumatatu."

Silika, ile iliyojaa kwenye mchanga na udongo wa kawaida, ndiyo adui wa boksiti. Ikifika kiwandani hunywa ile soda kali inayotumika kuyeyushia madini, na soda ni ghali, kwa hiyo boksiti yenye silika nyingi ni kama ng'ombe anayejinyonya maziwa yake mwenyewe. Hilo Diaraye alilijua tangu chuoni. Lakini alijua na jambo lingine, na hilo ndilo lililomtisha. Kama magharibi kungekuwa kuzuri, magharibi na katikati vingetosha kulipia reli, na hakuna mtu angeondolewa kwake. Magharibi kukiwa kubaya, mgodi unakwenda mashariki, na mashariki, pale bowali inapoteremka taratibu kwenye udongo na chemchemi, kuna kijiji cha Ley Fello.

"Mashariki kuna watu, bosi."

"Kila mahali kuna watu, Diaraye. Watalipwa, watajengewa nyumba za bati." Simu ikakatika, na safari hii si kosa la mtandao.

Alishuka kijijini miguu mizito. Kwa watu wa Ley Fello hakuwa mgeni tena. Msimu mzima wa kiangazi alikaa nyumbani kwa Neene Dalanda, mjane wa makamo ambaye kijiji kizima kilimwita Neene, yaani mama, hata wale waliomzidi umri. Wiki ya kwanza tu malaria ilimwangusha Diaraye, na Neene alimuuguza kama amemzaa, akimkanda, akimnywesha uji wa fonio, nafaka ndogo ya kwao, kijiko kwa kijiko, akimgombeza kila alipokataa. Kuanzia hapo walikula bakuli moja.

Na nyuma ya nyumba ilikuwa bustani. Ilizungushiwa ua wa miti, na ndani mlikuwa na mahindi, maboga, bamia, magimbi, pilipili. Udongo wa bustani ile si wa kuokotwa. Mama mkwe wa Neene aliutengeneza, na mama mkwe wake kabla yake, kwa samadi, majivu, maganda ya karanga na takataka za kufagia, mwaka baada ya mwaka, mpaka ukawa laini, ukiutia kidole kinazama chote. Siku moja Diaraye aliona pembeni mwa ua pamebonyea, kama mtu amechota.

"Neene, hapa pamefanyaje?"

"Kuku," alijibu Neene bila kuinua kichwa.

"Kuku gani huyo anachimba kama mhandisi?"

"Kuku wa siku hizi wamesoma."

Walicheka, na Diaraye akalisahau. Sasa jioni hii aliitazama bustani ile akaona mashine zikipita juu yake, akaacha kula. Neene alimuuliza ana nini, akasema kichwa kinamuuma. Neene akamsogezea maziwa mgando, akamtazama vile wanavyotazama wanawake wasiodanganyika. Diaraye alijiona mnafiki. Anakula maziwa ya mtu, na kesho kutwa atachora mstari juu ya nyumba ya mtu huyo huyo!

Asubuhi alisema anakwenda magharibi kukagua vifaa. Uongo mtupu, alikuwa anayakimbia macho ya Neene. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha mara kadhaa na hewa ilinukia jiwe lililolowa. Alivuka korongo kwa gogo, lile korongo ambalo ndilo lililofanya mashine ya kutoboa miamba isifike upande wa magharibi. Huko kulichimbwa mashimo kwa mkono, na wachimbaji walikuwa wanaume wa Ley Fello chini ya Modi, yaani Bwana, Saidou Diallo.

Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Jiwe ni gumu, kwa hiyo kwa siku shimo lilishuka kama mita moja, na kila mita ilitolewa na kuwekwa lundo lake pembeni. Wachimbaji walilichanganya lundo, Diaraye akachota sampuli, akaifunga, ikaenda maabara. Halafu asubuhi alifungwa kamba kiunoni akaingia shimoni wa kwanza, peke yake, kusoma kuta. Majibu yalionyesha kwamba katika kila shimo mita ya kwanza ilikuwa safi, na kuanzia ya pili silika ikapanda. Diaraye hakushtuka. Chini ya boksiti siku zote kuna udongo wa mfinyanzi wenye silika, akadhani huku umepanda karibu na juu. Vitabu vyote vinasema hivyo.

Alipofika kwenye shimo la kwanza akasimama. Alifikicha macho. Akaenda la pili, akaenda la tatu, karibu anakimbia.

Malundo yalikuwa yameota.

Juu ya bowali, ambako hata mwiba hauoti, kulikuwa na miche ya maboga, majani mawili mawili mapana, ya kijani kinono. Palikuwa na bamia. Palikuwa na mahindi yaliyochomoza kama vidole. Na Diaraye, ambaye kazi yake ni kutazama, akaona kitu kilichomsimamisha nywele: lundo la kwanza la kila shimo lilikuwa tupu. La pili limeota, la tatu limeota, na yote yaliyofuata. La kwanza, hata jani moja hakuna.

"Mtumwa wangu kaja!" Sauti ilitoka upande wa kibanda cha vifaa. Modi Saidou alikuwa anapanga sululu, ndevu zake fupi zimejaa vumbi. "Leo umekuja mapema. Nani kakunyima chai, mlafi wewe?"

Wabah na Wadiallo ni watani tangu mababu, na kwenye utani huo hakuna kukasirika. Siku nyingine Diaraye angemrudishia tusi tamu zaidi. Leo alinyoosha kidole tu.

"Wewe mwizi wa ng'ombe, nani kapanda maboga kwenye boksiti yangu?"

Saidou alitazama malundo. Akavua kofia, akaivaa tena. "Ndege," alisema.

"Ndege! Ndege gani anayeruka lundo la kwanza la kila shimo?"

"Aah, ndege wa siku hizi wamesoma."

Hapo Diaraye akageuka taratibu. Jibu hilo alishalisikia, na halikuwa limetoka kinywani mwa Saidou. Akakumbuka kuku. Akakumbuka pale palipobonyea pembeni mwa ua.

"Diallo," alisema, "sasa nakuuliza kwa utani wetu. Mimi Bah, wewe Diallo. Unaweza kuninyima?"

Hawezi. Mtani akikuomba kwa jina hilo unatoa, hata kama ni ng'ombe wako wa mwisho. Saidou alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akapiga kite.

"Umenibana, mtoto wa Bah. Haya. Kaburi likichimbwa na maiti haijafika, linafanywaje usiku?"

"Halilali wazi. Linawekwa kitu."

"Kwa nini?"

"Lisije likamwita mwingine." Alijibu bila kufikiri, kama mtoto anavyojibu kitu alichokisikia jikoni kwa bibi yake.

"Kumbe shule haikukufuta yote. Sasa tazama mashimo yako haya. Urefu wa mtu. Upana wa mtu. Na kila asubuhi nani anatangulia kuingia?"

Diaraye aligeuka kulitazama shimo la karibu.

"Yule kijana mpima aliyekuja kabla yako tulimwambia. Alicheka mpaka akashika tumbo. Wewe hatukuthubutu. Mtu huwezi kumwambia shimo linamwita, ukilitaja tu umelifungulia mlango. Basi wanawake wakasema tuachieni sisi. Kila jioni wewe ukishashuka kuoga, wao wanapanda huku, kila mmoja na kikapu chake cha udongo wa bustani, wanamwaga ndani. Alfajiri sisi tunautoa kabla hujafika, tunaanzia nao lundo la siku ile. Ulitusisitiza tuchanganye vizuri." Alimwangalia kwa jicho la aibu na la ujanja kidogo. "Tulichanganya vizuri sana."

Ndiyo maana mita ya kwanza ilikuwa safi: siku ya kwanza hapakuwa na usiku uliotangulia.

"Si mngeweka mawe!" Diaraye alipiga kelele. "Hapa mawe tele, mngejaza mawe!"

"Nilisema hivyo. Neene Dalanda akanikemea. Jiwe ni la shimo lenyewe, anasema, halitaliridhisha. Lazima kiwe kitu kilichowahi kulisha watu."

Diaraye aliinama kwenye lundo, akachomoa mche mmoja wa boga. Mizizi ilikuja na donge la udongo mweusi, na ndani yake kipande cha ganda la karanga. Alijaribu kucheka, machozi yakatangulia, akaacha yatoke. Halafu alimweleza Saidou yote, yale majibu ya maabara, ule mstari unaohama, Ley Fello kuondoka. Utani ulimtoka mzee yule mwilini mwote.

"Yaani," alisema polepole, "tumejihamisha wenyewe kwa vikapu."

Neene alikuwa anapukuchua mahindi uani Diaraye alipoingia na ule mche mkononi. Aliuona mara moja. Hakujitia kutokujua.

"Basi Saidou kasema," alisema. "Mdomo wake haujawahi kuwa na mlango."

"Neene, udongo wa bustani yako! Umetengenezwa na mama zako wangapi ule?"

"Kaa kwanza. Kunywa maziwa."

"Sinywi mpaka uniambie."

Neene aliweka gunzi chini. "Nilikuwa na mwana, Alseyni. Alikwenda Sigiri kutafuta dhahabu. Huko wanachimba mchana, usiku wanaacha mashimo yamefumbua midomo, kila mtu kalala zake. Asubuhi moja aliingia wa kwanza." Aliokota punje iliyoanguka. "Wewe ulipofika hapa na malaria yako, kumbe una kamba begani na unaniambia kazi yako ni kuingia mashimoni, nikasema moyoni, huyu hapana. Huyu halimpati."

Diaraye alipiga magoti pale pale kwenye maganda. "Neene, nashukuru," alisema. "Nashukuru, nashukuru." Alisema hivyo mpaka Neene akamwekea kiganja kichwani kumnyamazisha.

Kisha akamwambia habari za mstari, kwa sababu asingeweza kupokea wema huo na kumficha. Neene alisikiliza hadi mwisho. Aliitazama bustani kwa muda, ua wake, mabua yake.

"Kwa hiyo ni udongo wangu ulioharibu."

"Ni mimi niliyeharibu. Nilipaswa kuwepo shimo linapoanza na linapoisha."

"Ningejua," Neene alisema, "ningefanya vile vile. Nyumba hujengwa nyingine, mwanangu. Sasa kunywa."

Diaraye alikunywa. Halafu akapanda bowali, akajikaza kisabuni, akampigia Kourouma.

"Maboga?" alisema Kourouma.

"Maboga, bosi. Na bamia na mahindi. Sampuli za magharibi zimechanganyika na udongo wa bustani. Uzembe ni wangu. Naomba siku chache nikwangue kuta za mashimo upya, tupime jiwe lenyewe tupu. Jiwe likiwa baya kweli, nitachora mstari popote utakapo na sitasema neno."

Diaraye alingoja matusi, maana Kourouma alikuwa na akiba nzuri ya matusi.

"Kwetu kule msituni," alisema Kourouma hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, "tunaweka shina la mgomba. Marehemu baba alikuwa analikata mwenyewe." Akakohoa. "Nitawaambia wenye fedha barabara imekatika kwa mvua. Una wiki. Na Diaraye, safari hii lala huko huko juu ya mashimo ikibidi!"

Kulikuwa na tatizo moja. Kazi ya kukwangua ingechukua siku kadhaa, na mashimo yaliyokuwa yamefunikwa kwa magogo tangu kazi iishe yangefunguliwa na, kwa uzito wa magogo hayo, kulala wazi. Wachimbaji walikuna vichwa. Diaraye hakuwacheka, na wala hakuwahubiria. Alikwenda kwa Neene.

"Kitu kilichowahi kulisha watu," alisema, "lakini kisichomwagika. Tunacho?"

Neene alifikiri. Akaingia ndani, akatoka na lile bakuli lake la kibuyu walimokula pamoja msimu mzima, limeng'aa kwa mikono na mafuta. "Hili limelisha kuliko mimi," alisema.

Basi ikawa hivyo. Kila jioni wanawake walipanda na mabakuli yao ya vibuyu, yakateremshwa kwa kamba, bakuli moja kila shimo, na asubuhi yakapandishwa safi kama yalivyoingia. Ley Fello nzima ilikula kwenye sufuria na mabeseni, watoto wakifurahia, wanaume wakinung'unika kwamba chakula cha kwenye beseni hakina ladha. Bakuli la Neene aliliteremsha Diaraye mwenyewe, polepole, asije akaligonga ukutani. Mchana alining'inia shimoni akikwangua jiwe kutoka juu hadi chini, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii hakuwa peke yake huko chini. Saidou alikaa mdomoni mwa shimo kutwa nzima akimtukana bila kupumzika ili asikie sauti ya mtu.

Sampuli zikaenda. Siku za kungoja zilikuwa mbaya. Diaraye alijikuta akisali rakaa za ziada, akapukuchua mahindi ya jirani asiyemjua vizuri, akamjibu Saidou vibaya mpaka watu wakadhani utani umevunjika. Kwa maana jiwe halina huruma. Kama ni baya ni baya, hata kama wanawake wa kijiji kizima wangelia.

Simu ilipolia alikuwa juu ya jiwe lake.

"Hujambo, Diaraye?" alisema Kourouma.

"Sijambo, bosi."

"Umeamkaje? Mwili hauna neno? Na hapo nyumbani unapokaa, hawajambo wote? Huyo mama mwenye bustani, hajambo? Na ng'ombe?"

"Bosi, mimi sina ng'ombe."

"Utapata, utapata. Na mvua?"

Diaraye akachuchumaa juu ya jiwe, mkono mdomoni. Mtu mwenye habari mbaya hasalimii hivyo. Aliacha salamu ziishe zote, kwa adabu, na hakuna salamu alizowahi kuzipenda kama hizo.

"Magharibi ni safi," alisema Kourouma. "Safi kuliko mashariki, mama we! Inatosha, na ziada. Mstari ubaki magharibi na katikati, hicho kijiji chako tukiache kilale. Nakushukuru kwa ukaidi wako, na usimwambie mtu kwamba nimesema."

Aliteremka kilima mbio. Saidou alimwona anavyokuja, akaelewa, akaanza kumtukana kwa furaha tangu mbali, yeye na ukoo wake wote wa Bah. Wanawake wakatoka nyuani. Neene alikamata uso wa Diaraye kwa mikono miwili, ikiwa na unga, akaushikilia. Kila mmoja alitaka kumshukuru mwenzake kwanza, wakawa wanagombana kwa shukrani pale uani, mpaka Saidou akawauliza kama hakuna anayekumbuka kupika.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuyafukia mashimo moja kwa moja. Wanaume walirudisha jiwe ndani. Lakini kabla hawajagusa malundo, Diaraye alichukua kikapu, akachambua udongo mweusi kwa mikono, pamoja na miche, akaubeba kichwani, akavuka gogo. Alikwenda na kurudi mpaka kanga yake ikawa nyekundu na nyeusi.

"Unanijazia mawe bustanini," Neene alilalamika, akiwa amekaa kizingitini. "Boga langu litakuwa na reli ndani."

"Ni mawe safi haya, Neene. Yamepimwa."

Alimwaga kikapu cha mwisho pale palipobonyea pembeni mwa ua, pale pa kuku. Akapanda mche wa boga katikati, akaushindilia kwa viganja.

"Pamejaa?" aliuliza Neene.

"Bado kidogo."

"Basi fanya haraka, mwanangu. Jua linazama."

Diaraye alirudi magotini, akaendelea kusukuma udongo kwa mikono yote miwili, mpaka pakawa sawa na pengine pote.